Gari Linapokohoa Mlimani

Kwetu Shighatini, katika milima ya Upare Kaskazini, gari la zamani si pambo. Ndilo linaloshusha ndizi sokoni na kurudisha watoto shule zinapofungwa. Usiku ndilo linalomteremsha mama mwenye uchungu hadi hospitali. Kwa hiyo linapoanza kukohoa na kuzimika katika kona za kupanda kutoka Mwanga, jambo hilo si la baba na fundi peke yao. Fedha za vipuri hutoka katika mfuko uleule wa ada na unga.

Sisi wauguzi hatumpi mgonjwa dawa kwa sababu tu anakohoa. Tunamwuliza kwanza: kulianza lini, na kunazidi wakati gani? Gari la kabureta nalo lastahili maswali hayo. Injini ya petroli inahitaji mgandamizo mzuri ndani ya silinda, cheche ya umeme kwa wakati wake, na petroli iliyochanganywa na hewa kwa kipimo. Kazi ya kuchanganya ndiyo ya kabureta. Lakini si kila kikohozi ni cha kabureta, na akina mama wengi wamelipia kabureta mpya kumbe ugonjwa ulikuwa kwingine.

Swali la kwanza: je, linazimika ghafla au kwa kusitasita? Likizimika ghafla kama taa, mara nyingi kosa ni la umeme: waya uliolegea, koili, au pointi na kondensa. Likisitasita kwanza, mara nyingi petroli haifiki vizuri. Chujio limeziba, pampu imechoka, au uchafu wa tangi umeingia kwenye kabureta.

Swali la pili: linaugua wakati gani?

Asubuhi ya baridi tu: choki ikaguliwe.

Likisimama, lakini ukikanyaga mafuta linaendelea: huenda kijitundu cha petroli cha mwendo wa taratibu kimeziba, au hewa inaingia kwenye gasketi chini ya kabureta.

Likipanda na mzigo: petroli haitoshi, au cheche ni dhaifu.

Likipata joto kule tambarare, kisha likipoa linawaka: koili imechoka, au petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba.

Ukifungua kifuniko cha tangi hewa ikaingia kwa sauti, kisha gari likaenda vizuri: tundu la hewa la kifuniko limeziba. Kulizibua hakugharimu kitu.

Kama tunavyotazama ulimi wa mgonjwa, fundi na atoe plagi mzitazame pamoja. Rangi ya kahawia hafifu ni afya njema. Masizi makavu meusi yaonyesha petroli imezidi, nyeupe, imepungua. Ikilowa petroli, huenda cheche haipo. Tena tukumbuke kwamba juu milimani hewa ni nyepesi, na kabureta ya zamani haitambui hivyo. Gari lililorekebishwa tambarare laweza kutoa masizi huku kwetu bila kuwa bovu. Chujio la hewa lililojaa vumbi huzidisha hali hiyo.

Sasa usalama, ambao hauna mjadala. Injini ikizimika mlimani, breki za magari mengi huwa nzito baada ya kukanyagwa mara chache. Vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu, na watoto washuke wakae mbali na barabara. Pasiwepo sigara wala kibatari karibu na kabureta iliyofunguliwa. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa gesi ya sumu iliyomo katika moshi wake huua bila harufu ya kukuonya. Na mtu asivute petroli kwa mdomo. Aliyeimeza asitapishwe, kwa maana ikiingia mapafuni hudhuru zaidi. Apelekwe hospitali upesi.

Mama, tunza daftari dogo la gari kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto. Andika tarehe, mahali lilipozimika, kama lilikuwa na joto au baridi, na kilichobadilishwa. Fundi akija, msomee. Kisha mwombe aanze na vitu vya bei ndogo: chujio, plagi, pointi, nyaya. Kabureta iwe ya mwisho, na kabla ya kununuliwa mpya, isafishwe kwanza. Kuuliza si ujinga, na fundi mwema hachukizwi na mama anayeuliza.