X-Trail kuukuu isije ikala karo ya watoto

HUENDA nawe umo katika hesabu hizo. Bonasi ya chai imeingia, chama cha akiba na mikopo kimekubali kukuongezea kidogo, na watu wa nyumbani wamechoka kubanana ndani ya Probox kila Desemba mnapoenda mashambani. Moyo umeangukia Nissan X-Trail iliyotumika. Imeinuka kutoka ardhini, ina nafasi ya watu watano na mizigo yao, na ukiitazama ikiwa imeegeshwa uani utadhani iliundiwa milima ya Kisii na Nyamira.

Sikukatazi kuinunua. Lakini kabla hujatoa pesa, hebu nikusimulie yaliyompata kaka yangu.

Kaka ni mwalimu katika kaunti ya Nyamira. Mwaka wa 2023, baada ya bonasi ya Oktoba, alinunua X-Trail kutoka kwa mtu jijini Nairobi. Ilimfikisha nyumbani bila tatizo lolote, na kijiji kizima kikaja kuitazama. Desemba mama akashikwa na maradhi usiku, na kulipokucha tukampakia kumkimbiza hospitali mjini Kisii. Tulikuwa tumeipita Keroka, tukielekea Keumbu, gari lilipoanza kuishiwa nguvu mlimani. Kaka alikanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ikanguruma, lakini gari likatambaa kama kinyonga. Lori lililobeba majani chai likatupita.

Mama, ambaye alikuwa akigumia kwenye kiti cha nyuma, ndiye aliyekata shauri. “Mwanangu,” alimwambia kaka, “hata ng’ombe akichoka husimamishwa.”

Tuliegesha kando, tukasimamisha Probox iliyokuwa ikipita, na mama akafika kwa daktari salama. Baada ya nusu saa gari lile lilikuwa na nguvu zake zote, kana kwamba hapakuwa na lolote. Kaka akaamini ametiliwa petroli mbaya. Likamfanyia hivyo mara tatu zaidi, naye akawa analipumzisha na kuendelea na safari. Machi giaboksi ikafa kabisa. Giaboksi nyingine iliyotumika pamoja na kazi ya fundi vilimla Sh140,000, na bintiye aliyekuwa Kidato cha Pili akakaa nyumbani wiki mbili akingoja karo.

“Mwalimu,” fundi alimwambia akijifuta mikono, “gari lilikwambia mapema. Wewe ndiye hukulisikia.”

Lilikuwa likisema nini?

X-Trail ya kaka ni ya toleo la pili, linaloitwa T31, ambalo lilianza kuuzwa mwaka wa 2007. Nyingi za petroli zilizoletwa nchini zina giaboksi isiyo na gia za kawaida. Ndani yake mna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, ambazo hupanuka na kujibana ili kubadilisha mwendo. Mafundi huiita CVT. Barabarani huenda kwa ulaini ambao utaupenda.

Adui yake ni joto. Gari likipanda mlima mrefu likiwa na mzigo, mkanda ule hubanwa kwa nguvu nyingi na oili yake huchemka. Oili ikizidi joto, kompyuta ya gari hupunguza nguvu kwa makusudi ili kuiokoa giaboksi. Ndiyo sababu gari la kaka lilitambaa, kisha lilipopoa likarudia hali yake. Hapakuwa na petroli mbaya. Gari lilikuwa likijikinga, naye akawa analilazimisha.

Wakati huo tiba ingekuwa rahisi: kubadilisha oili na filta, kusafisha tope lililoziba mbele ya rejeta na, kwa sisi tunaoishi milimani, kufungiwa kipoza oili cha ziada. Jambo la kuzingatia ni kwamba giaboksi hii haikubali oili yoyote tu. T31 hutumia ile ambayo Nissan huiita NS-2. Fundi akikwambia kwamba oili ya gia ni oili ya gia, mshukuru kwa ukarimu wake na utafute fundi mwingine.

Toleo la kwanza nalo lina yake

Toleo la kwanza, T30, lilitengenezwa kuanzia mwaka wa 2000 hadi 2007. Ili kujua unauziwa lipi, soma nambari ya chesisi: aghalabu za lita mbili zinazovutwa na magurudumu yote manne huanza kwa NT30 au NT31. T30 nyingi za otomatiki zina gia za kawaida, kwa hivyo hazisumbuliwi na mkanda ule. Taabu yake iko kwenye injini. Injini yake ya lita mbili, QR20, ikizeeka hunywa oili, na ukiachilia oili ishuke, cheni ya ndani hulegea na kuanza kulia asubuhi unapowasha. Pia ina sensa mbili ndogo zinazoiarifu kompyuta injini inavyozunguka. Zikichoka, injini huzimika ikiwa moto na kuwaka tena ikipoa. Sensa hizo ni za elfu chache tu, lakini wengi wameuziwa mpaka pampu ya petroli kabla ya mtu kuzikumbuka.

Maji, matope na mteremko

Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Katika kimo hicho maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mjini Kisii ni kama nyuzi 94. Kifuniko cha rejeta ndicho huyabana maji ili yasichemke mapema. Kifuniko kikilegea, au ukizoea kujaza maji ya mtoni badala ya maji maalumu ya rejeta, gari lako litachemka kwenye mlima ambao wenzako wanaupanda wakipiga soga. Injini ya alumini ikichemka sana, hedi yake hupinda na gasketi kuungua. Dalili unaijua hata kama hujawahi kushika spana: fungua kifuniko cha oili, na ukiona rangi ya chai ya maziwa, ujue maji na oili vimekutana.

Chini ya gari ndiko barabara zetu za murami zinakofanya kazi yake. Bushi, linki za stebilaiza, bering za magurudumu na shokabzoba huchakaa upesi. Kugonga ‘kong, kong’ unapovuka tuta ni bushi au linki. Mvumo unaopanda kadiri unavyoongeza mwendo aghalabu ni bering. Nako kwenye miteremko, anayeshuka akikanyaga breki mwanzo hadi mwisho huziunguza. Shuka kwa gia ya chini.

Halafu kuna tairi. Sisi hununua tairi moja moja, kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa X-Trail inayovutwa na magurudumu yote manne, tairi zikitofautiana sana kwa ukubwa au kwa kulika, kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika hadi kife. Basi tairi za gari hili ziwe za saizi moja, na zilike kwa kiasi kimoja.

Ziba ufa

Sasa tuje kwenye pesa. Bei hubadilika kila msimu na kila duka, kwa hivyo zichukue hizi kuwa makadirio tu. Jozi ya linki za stebilaiza ni kati ya Sh2,000 na Sh5,000. Shokabzoba mbili za mbele zaweza kukugharimu Sh10,000 hadi Sh20,000. Rejeta ni kadiri hiyo hiyo, lakini ukiipuuza mpaka hedi ipinde, gasketi, kazi ya kusawazisha hedi na malipo ya fundi vitakula Sh25,000 hadi Sh50,000. Oili ya CVT na filta ni Sh8,000 hadi Sh15,000. Giaboksi nzima iliyotumika ni laki moja, ipungue au izidi kidogo, kabla ya fundi kulipwa.

Zitazame tena hesabu hizo, msomaji. Kila ugonjwa una bei mbili: ya kuusikia mapema na ya kuupuuza. Wahenga hawakuwa na magari waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini walikuwa wakimzungumzia kaka yangu.

Vipuri vya X-Trail havitafutwi kwa tochi. Maduka ya Kisii yanavyo, na vinavyokosekana huagizwa kutoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako wazee wangali wanaita Grogan, na kuletwa kwa gari la abiria. Piga simu maduka matatu kabla ya kununua, na fundi akurudishie kipuri cha zamani mkononi.

Lijaribu mlimani

Wanunuzi wengi huzunguka mtaa mara moja, wakasikia redio inalia vizuri, wakalipa. Usifanye hivyo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. T31 za petroli zilikoma kuundiwa soko la Japani mwaka wa 2013, kwa hivyo utakayouziwa leo imeshaendeshwa humu nchini kwa miaka kadhaa, na mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma. Umri wake usiusome kwenye mita.

Nenda asubuhi, kabla muuzaji hajaiwasha, usikie injini ikiamka ingali baridi. Tazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua. Kisha panda watu wanne na muiendeshe dakika arubaini au zaidi, na mlima uwe mwisho wa safari wakati gari limeshapata moto. Likitetemeka, likivuma bila kusonga, au sindano ya joto ikipanda, rudisha ufunguo. Muuzaji akikataa kukupa mlima, amekwishakujibu.

Baada ya hapo, lipime kwa mashine ya kompyuta kwa fundi wako wewe, si wake. Pekua umiliki wa gari katika mtandao wa NTSA kwa ada ndogo, ujue kama linadaiwa na benki. Mwisho, kama bei ya gari itamaliza akiba yako yote, basi gari hilo ni ghali kwako hata likiwa rahisi. Bakisha angaa laki moja pembeni, na pesa za karo zisihesabiwe humo.

Kaka hakuiuza X-Trail yake. Aliifungia kipoza oili, na tarehe za kubadilisha oili ameziandika kwenye daftari la shule ndani ya dashibodi. Inampeleka Kisii na kumrudisha, na mwaka jana ilifika Nairobi na kurudi bila kulalamika.

Mama naye yungali mzima. Kila anapofunguliwa mlango wa gari hilo husimama kwanza, akashika fimbo yake, na kumuuliza mwanawe: “Oili ya gia ulibadilisha lini?” Haingii mpaka ajibiwe.