Saa Mbili za Kimya: Chaguo-msingi Lililopoteza Vidahizo

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alikuwa akiingiza vidahizo vya kamusi yake ya istilahi katika seva tuliyoikodi nje ya chuo. Akaenda darasani kwa saa moja na nusu. Aliporudi, kompyuta ilimwonyesha kuwa bado ameunganishwa. Akachapa vidahizo kumi na vinne, akabonyeza kuhifadhi, na hakuna hata kimoja kilichofika. Sote tulilaumu umeme, ambao safari hii haukuwa na hatia.

Itifaki ya TCP, inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, haioni ubaya wowote katika kimya. Programu huwasiliana kupitia soketi, na soketi ina chaguo liitwalo SO_KEEPALIVE, ambalo kazi yake ni kumbishia hodi mwenzako aliyenyamaza ili kujua kama yupo. Chaguo-msingi ni kwamba limezimwa. Hata likiwashwa katika Linux, bila kubadilishwa zaidi, hodi ya kwanza hungoja sekunde 7,200, yaani saa mbili. Zikipigwa hodi tisa bila jibu, kila moja ikisubiriwa sekunde 75, ndipo muunganisho huhesabiwa kuwa umekufa.

Neno "chaguo-msingi" laweza kumfanya mtu adhani kuwa hakuna aliyechagua. Walichagua. Waraka wa RFC 1122 wa mwaka 1989 uliagiza hodi hizo zizimwe mpaka programu izitake, na muda wake usipungue saa mbili. Hoja zake: hitilafu ya kupita ingeweza kukatisha muunganisho mzima, njia ingejazwa bure, na palipolipiwa kwa pakiti, fedha zingetumika. Sisi wa kununua bando hoja hii ya mwisho hatuhitaji kufafanuliwa.

Lakini katikati ya njia kuna ruta yenye orodha ya miunganisho, na iliyonyamaza huifuta. RFC 5382 ya mwaka 2008 ilizitaka ruta zinazobadili anwani zivumilie walau saa mbili na dakika nne. Si zote zinazotii. Ikishafuta, ruta yaweza kuzitupa pakiti zako bila kumwarifu yeyote.

Fundi wetu ameliwasha chaguo hilo kwenye seva na kuzishusha saa mbili kuwa dakika tano. Vidahizo kumi na vinne vimechapwa upya.