Klabu Isimamapo kwa Mfuko wa Mtu Mmoja

Mjini Accra, nchini Ghana, upo uwanja wa michezo uitwao El Wak. Jina hilo lilitoka huku kwetu. Mnamo Desemba 1940 askari wa Gold Coast, kama Ghana ilivyoitwa enzi hizo, walipigana pamoja na wale wa Afrika Kusini kuwatimua Waitaliano hapa mpakani Elwak, na waliporejea kwao wakaenda na jina la mahali walipomwaga damu. Nilipowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki wakati mmoja, kijana mmoja wa nyuma ya darasa aliinua mkono na kusema: "Basi Mwalimu, sisi tuna uwanja mkubwa, ila uko mbali kidogo." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Kijana huyo alikuwa wa Kidato cha Pili, mwembamba kama ufito, na ndiye aliyekuwa mfungaji mabao wetu. Mwishoni mwa mwaka 2019 alikuja kuniaga. Alikuwa amepata timu Nairobi, timu ya daraja la chini, lakini yenye kulipa: kiasi fulani kwa kila mchezo, nauli ya kwenda mazoezini, na mlo mmoja siku ya mechi. Nilimwuliza kama ametia saini mkataba wowote. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa iwapo ngamia wake ana cheti cha kuzaliwa. Timu hiyo siitaji jina, kwa maana zilizofanana nayo ni nyingi mno na si haki moja kubebeshwa mzigo wa zote.

Mwaka uliofuata, 2020, ulianza vibaya kwetu kabla hata ya neno korona kufika masikioni. Tarehe 13 Januari walimu watatu waliuawa na magaidi huko Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu walioondoka, roho haina duka. Lakini waliondoka na masomo ya Hisabati na Fizikia, na jambo ambalo halikuandikwa sana magazetini ni kwamba waliondoka pia na filimbi. Mwalimu wa michezo katika shule nyingi za huku alikuwa mtu wa kutoka mbali aliyejitolea saa zake za jioni. Hivyo basi, shule zilipofungwa kote nchini mnamo Machi 16 kwa ajili ya korona, sisi tulikuwa tumekwisha kufungiwa nusu.

Kijana wetu naye alinaswa huko alikokwenda. Hebu msomaji azitazame tarehe hizi kwa makini. Machi michezo yote ilisimamishwa, na pamoja nayo yale malipo ya kila mchezo. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Aprili 22 Mandera nayo ikafungwa. Mei 6 mtaa wa Eastleigh, alikokuwa akilala dukani kwa mjomba wake, ukafungwa peke yake ndani ya jiji ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Kufuli tatu kwa mtu mmoja! Alipopiga simu kwa kiongozi wa timu kuuliza angalau fedha za chakula, aliambiwa kwamba kama hakuna mechi hakuna deni. Na kwa kweli hakuna karatasi iliyosema vingine.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya timu ndogo za mtaani, na kwamba wanaocheza katika klabu kubwa za kulipwa wana usalama wao. Natamani ingekuwa hivyo. Tuichukue Gor Mahia, klabu iliyoundwa mwaka 1968, ambayo mwaka 1987 ililetea Kenya Kombe la Washindi barani Afrika, na ambayo hakuna klabu nyingine nchini iliyotwaa ubingwa wa ligi mara nyingi kama yenyewe. Mwezi wa Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, ikiwa katika mvutano na serikali juu ya leseni na kodi, iliondoa udhamini wake wote katika michezo ya Kenya. Kwa siku moja Gor Mahia ikawa haina mfadhili. Korona ilikuwa bado haijazaliwa. Msimu mzima wa 2019/20 klabu hiyo iliuendesha kwa viingilio vya mlangoni, michango ya mashabiki na ahadi, na habari za mishahara iliyocheleweshwa zikawa za kawaida kama habari za hali ya anga.

Kisha Machi ikafika na milango ya viwanja ikafungwa. Kwa klabu za Ulaya, kufungwa kwa mlango kulikuwa hasara. Kwa klabu isiyo na mfadhili wala fedha za maana za televisheni, kulikuwa ni kuziba pua. Tarehe 30 Aprili Shirikisho la Kandanda nchini likautangaza msimu kuwa umekwisha na likaipa Gor Mahia ubingwa, ikiwa na pointi 54, pointi 7 mbele ya Kakamega Homeboyz. Ulikuwa ubingwa wa 19 na wa nne mfululizo. Kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi ilipinga uamuzi huo, mabishano yakawaka, lakini mimi nililokuwa nikilifikiria ni jingine: bingwa aliyetangazwa bila kugusa mpira, na wachezaji ambao wengi wao hawakuwa na hakika ya kodi ya nyumba ya mwezi huo.

Katikati ya mwaka 2020 kampuni nyingine ya kamari, Betsafe, ikaingia na ahadi ya shilingi milioni 55 kwa mwaka. Mashabiki walishangilia. Lakini wachezaji hawakungoja: beki Joash Onyango, aliyekuwa nguzo ya ngome, akahamia Simba ya Dar es Salaam mwezi Agosti, na wengine wakatawanyika. Desemba 26 kilichosalia cha timu hiyo kilisimama mbele ya CR Belouizdad mjini Algiers, katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika, na kikafungwa mabao 6 kwa 0. Wiki zizo hizo kurasa za michezo zilikuwa zimejaa habari za wachezaji wakidai malimbikizo yao. Nilisikiliza habari za mchezo huo kupitia simu ya jirani. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya mabao.

Kuna wanaosema kwamba haya ni maradhi ya Afrika, kwamba wenzetu wa ng'ambo hawafanyi hivi. Nawaalika wasafiri nami hadi Kanada. Huko kulikuwa na klabu ya kulipwa ya raga ya wachezaji 13, Toronto Wolfpack, ambayo ilikuwa na tajiri mmoja, David Argyle, mfanyabiashara wa madini. Ilianza kucheza mwaka 2017 katika daraja la tatu la Uingereza, ikivuka bahari ya Atlantiki kwenda na kurudi, na kufikia mwaka 2020 ilikuwa imepanda hadi ligi kuu. Ilimsajili Sonny Bill Williams wa New Zealand, mmoja wa wachezaji maarufu kabisa wa raga duniani, kwa mshahara uliotangazwa kuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kulipwa katika mchezo huo. Ikacheza mechi 6 za ligi kuu na kushindwa zote 6. Machi ligi ikasimamishwa kwa sababu ya korona. Mfuko wa yule tajiri ukakauka, mishahara ikakatika, na tarehe 20 Julai klabu ikatangaza kwamba haitaendelea na msimu. Matokeo yake yakafutwa katika jedwali kana kwamba haikuwapo kamwe. Tarehe 2 Novemba, ilipoomba kurudi chini ya mmiliki mwingine, klabu wanachama zilipiga kura na kuikataa, kura 8 kwa 4.

Basi hapo Toronto, katika nchi tajiri yenye sheria na mabenki, na hapo Nairobi, ugonjwa ulikuwa mmoja. Si korona iliyozivunja klabu hizi. Korona iliyumbisha nyumba ambazo zilikuwa zimesimama juu ya nguzo moja, nguzo hiyo ikiwa tajiri au kampuni ya kamari. Tofauti ni kwamba Gor Mahia haikufa. Ilifungwa, ikadhalilika, ikadaiwa, lakini Julai 2021 ilikuwa ikinyanyua kombe la shirikisho baada ya kuishinda AFC Leopards kwa mikwaju ya penalti. Toronto ilikuwa mali ya mtu, naye alipochoka, hakubaki wa kuipokea. Gor Mahia ni ya watu, nao hawana mahali pengine pa kwenda. Hata hivyo, sitaki kuwasifu mashabiki kupita kiasi, maana upendo wao haukulipa kodi ya nyumba ya mtu.

Nani basi alibeba hasara? Wadhamini walikwenda zao; mwaka 2021 hata BetKing, iliyokuwa imeahidi ligi yetu shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano, ilijitoa baada ya msimu mmoja. Viongozi walibaki na vyeo. Aliyebeba ni mchezaji, na hasa yule ambaye hana karatasi. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, na asipolipwa akauvunja mkataba akiwa na haki zake. Kanuni nzuri sana. Lakini hauvunji mkataba usiokuwapo.

Naandika haya kutoka Elwak, na kwa walimu wenzangu hasa, kwa sababu huku kwetu timu huzaliwa kwa njia moja tu. Mheshimiwa au mtu anayetaka kuwa mheshimiwa hutoa jezi zenye jina lake mgongoni, kombe huchezwa kwa wiki mbili katika vumbi, mbuzi huchinjwa, kisha jezi hugeuka kuwa nguo za kuchungia. Yeye ndiye Argyle wetu. Mkononi mwake hakuna madini, lakini mfuko ni ule ule mmoja.

Ilhali sokoni, hatua chache kutoka uwanjani, wanawake wauzao maziwa na nguo huendesha ayuto yao miaka nenda miaka rudi. Kila mmoja hutoa kiasi chake kwa wiki, kila wiki mmoja hupokea, na anayeshika daftari hujulikana na kuaminiwa. Hakuna mfadhili. Korona ilipofunga mpaka na barabara, nilishuhudia vikundi viwili vya aina hiyo vikipunguza kiwango cha mchango badala ya kuvunjika. Sioni kwa nini timu ya vijana 20 na wazazi wao isiweze kuanzishwa kwa daftari la namna hiyo, ikaandikishwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, ikawa na katiba ya kurasa tatu na akaunti yenye saini za watu watatu. Mheshimiwa akileta jezi, apewe chai na risiti.

Na darasani? Tunawafundisha wanafunzi kuandika barua rasmi, kumbukumbu za mkutano na wasifukazi. Sijapata kuona mwalimu akiwapa mkataba wa kazi wausome mstari kwa mstari, waulize ni nani anayeahidi nini, kwa muda gani, na nini kitafuata ahadi isipotimizwa. Mimi mwenyewe sikuwahi kufanya hivyo hadi mwaka 2021. Najua kuna atakayesema kwamba muhula ni mfupi na silabasi ni ndefu. Ni kweli. Lakini kijana anayeondoka hapa kwenda kuuza miguu yake Nairobi atakutana na karatasi ya namna hiyo, au na ukosefu wake, mapema kuliko atakavyokutana na mkutano wenye kumbukumbu.

Amri za kutosafiri ziliondolewa tarehe 7 Julai 2020. Siku chache baadaye kijana wetu alishuka kutoka kwenye lori lililopitia Garissa na Wajir, amebeba begi moja na viatu vya mpira vilivyofungwa kwa kamba shingoni. Hakusema mengi. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 alirudi Kidato cha Pili, akakaa na waliokuwa wadogo zake, na kwa wiki kadhaa hakugusa mpira.

Siku moja baada ya kipindi alinifuata ofisini. Timu ile ile ilikuwa imempigia simu. Ligi ilikuwa inarudi na walimtaka. Safari hii walikuwa wamemtumia kitu kwenye simu ya kaka yake, naye alikuwa amekinakili kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari la Kiswahili. Tulikisoma pamoja. Yalikuwamo majina yake, namba ya jezi, na sharti la kutochezea timu nyingine. Fedha hazikutajwa, muda haukutajwa, wala hapakuwa na nafasi ya saini ya upande wa pili. Akachukua kalamu nyekundu mezani pangu, akapiga mstari pale palipokuwa patupu, akaandika pembeni: "Nani?"