Neno "Gift": Zawadi, Ndoa na Sumu

Mfasiri hukutana mara kwa mara na maneno yenye umbo moja katika lugha jirani, lakini yenye maana zisizopatana. Mfano ulio dhahiri ni neno gift. Katika Kiingereza ni zawadi. Katika Kijerumani ni sumu. Katika Kiswidi, Kinorwe na Kidenmaki neno hilo lina maana mbili: sumu, na mtu aliyeoa au kuolewa. Kiholanzi kimetenganisha maumbo: gift ni zawadi, gif ni sumu.

Lugha hizi zote ni za ukoo mmoja, na asili ya neno ni kitenzi chenye maana ya kutoa au kupa. Maana ya ndoa ni rahisi kueleweka, kwani binti hutolewa na wazazi wake. Hata katika Kiingereza cha kale neno hili lilitumika kwa mali iliyotolewa ili kupata mke.

Maana ya sumu ilipitia njia nyingine. Wagiriki walikiita kipimo cha dawa dosis, yaani utoaji. Kilatini kikalipokea neno hilo, na Wajerumani wakalifasiri kwa neno lao la kutoa. Hatimaye kilichotolewa kwa kipimo kikawa jina la staha la kitu kinachoua. Maana ya awali imesalia katika neno Mitgift, yaani mali ambayo bibi arusi hupewa na wazazi wake aende nayo kwa mumewe.

Dosis hiyo hiyo ndiyo asili ya neno letu dozi, lililotufikia kwa njia ya Kiingereza. Nasi pia tunayo staha ya namna hii: sumu ya kuulia panya twaiita dawa ya panya.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, umbo la neno si ushahidi wa maana yake. Sharti mfasiri ajue kwanza neno limeandikwa katika lugha gani. Chupa ya Kijerumani yenye neno hili haina zawadi ndani yake. Pili, staha ina mahali pake katika mazungumzo, lakini si juu ya kibandiko cha chupa. Hapo, kwa usalama wa msomaji, sumu na iitwe sumu.