Mwanga Uliotulia, Gesi Isiyotulia

Mrija wa kioo ukitolewa hewa, ukatiwa neoni kidogo mpaka kanieneo ndani yake ibaki kama sehemu moja kwa mia saba ya ile ya hewa tunayovuta, kisha ukapitishiwa umeme wa volti mia kadhaa, gesi huwaka nyekundu yenye kuelekea rangi ya chungwa. Sehemu yake imekuwa plazma: elektroni, ioni na atomu zisizo na chaji zikichanganyikana. Kwa macho mwanga umetulia, lakini mara nyingi maelfu ya mawimbi hupita humo kila sekunde. Mwaka 1843 Mfaransa Abria aliona mwanga wa aina hiyo umegawanyika, mwangaza na kiza kwa zamu, kama pingili za muwa. Pingili hizo ni mawimbi hayohayo, nami nashikilia kwamba ni tabia ya plazma yenyewe, wala si kasoro ya vifaa.

Wapo waliolaumu chanzo cha umeme, na pingamizi lao lilikuwa na uzito, kwani koili za karne ya 19 zilitoa umeme wa kukatikakatika. Lakini huko Uingereza Warren De la Rue na Hugo Müller waliunganisha seli 11,000 za kloridi ya fedha, umeme wa betri usiokatika, na pingili zikajitokeza vilevile.

Je, si sauti tu inayopita kwenye gesi? Hapa pana utamu wa jambo lenyewe. Chaji zikirundikana mahali, elektroni, kwa wepesi wake, huwahi kutawanyika na kuziacha nyuma ioni nzito. Utengano huo huzaa uga wa umeme ambao upande wa kathodi huongeza nguvu ya uga wa mrija, na upande wa anodi huipunguza. Penye uga mkali, baadhi ya elektroni hufikisha elektronivolti 21.6 zinazotakiwa kuing'oa elektroni kutoka atomu ya neoni. Basi ioni mpya huzaliwa upande wa kathodi, na rundo huonekana likisogea huko ingawa atomu hazikuhama. Katikati ya karne ya 20, Pekárek wa Prague alionyesha jambo la ajabu zaidi: plazma ikishtuliwa ghafla, kila pingili huelekea kathodi ilhali msukosuko mzima huelekea anodi. Sauti katika gesi haiendi hivyo.

Anayedhani haya ni mambo ya makumbusho aitazame leza ya heli na neoni. Mawimbi hayahaya huutikisa mwali wake, na mtengenezaji hulazimika kuchagua kiwango cha mkondo ambacho mawimbi hayo hayajitokezi.