Asipirini inazuia kansa? Tusikimbilie vidonge

Wandugu, hapa Mutarule naulizwa sana: ni kweli asipirini inazuia kansa? Kwa watu fulani, ndiyo. Utafiti wa CAPP2, ulioongozwa na John Burn wa Uingereza, ulichukua watu 861 wenye hali ya kurithi inayoitwa Lynch. Nusu walipewa asipirini miligramu 600 kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka kadhaa, kansa ya utumbo mpana ilipungua kwa waliomeza asipirini.

Lakini Vioxx, dawa ya maumivu, ilipojaribiwa kuzuia vinyama vya utumbo, ilileta shida za moyo. Ikaondolewa sokoni 2004.

Asipirini na ibuprofeni zinaweza kutoboa tumbo. Basi usimeze vidonge vya butiki kila siku eti unajikinga. Kama kwenu kansa ya utumbo imerudia-rudia, anza na daktari.