Kurekodi Skrini ya Kishikwambi: Hatua na Tahadhari kwa Walimu

Mwalimu aliyepokea kishikwambi kilichotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 anaweza kuandaa somo la video bila kamera, kwa kurekodi yanayoonekana kwenye skrini pamoja na maelezo ya sauti yake.

Katika vifaa vinavyotumia Android 11 na matoleo yaliyofuata, huduma hiyo imo ndani ya kifaa. Mtumiaji huteremsha kidole mara mbili kutoka juu ya skrini, hugusa alama ya kurekodi skrini, kisha huwasha maikrofoni. Asipoiwasha, somo litatoka bubu.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni kwamba kinasa hakichagui. Ujumbe unaoingia katikati ya somo, namba ya uthibitisho kutoka benki, au orodha ya alama za wanafunzi iliyoachwa wazi, vyote vinaweza kuingia kwenye video. Baadhi ya programu za benki huzuia kurekodiwa, lakini si zote. Hivyo inashauriwa kuwasha kwanza hali ya "Usinisumbue" na kufunga kila kisichohusika na somo.

Majina na alama za wanafunzi ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Video itazamwe yote, na yasiyohusika yakatwe, kabla ya kutumwa kwenye kundi la wazazi. Ikishapakuliwa katika simu za wengine, kuifuta kwenye kishikwambi hakuwezi kuirudisha.